Mlinda Mikoba

Kanisa la kijijini kwetu, juu kidogo ya Kinole, halina dari. Ukikaa benchi la nyuma unaona mabati yote na matundu ya misumari ya zamani, na jua likiwaka unaona nyuzi za mwanga zikishukia vichwa vya watu. Matundu hayo nayajua vizuri kuliko ninavyoijua altare, kwa sababu nimekulia benchi la nyuma. Mama alikaa huko, nami nikakaa na mama.

Padri hupanda kwetu mara moja kwa mwezi, barabara ikiruhusu. Jumapili nyingine katekista huongoza ibada, watu wakaimba, wakasali, wakarudi makwao. Jumapili ya padri ndiyo yenye Komunio, na hiyo ndiyo niliyokuwa naichukia nikiwa mtoto. Wakati wa kupokea ukifika, watu waliinuka mstari kwa mstari kwenda mbele, na kabla ya kwenda wanawake walipitia kwetu. Huyu alimpa mama mkoba, yule mwavuli, mwingine mtoto mchanga aliyeviringishwa kanga. Mama alipokea vyote. Kanisa zima likasogea mbele likiimba, na nyuma tukabaki sisi: mama na mikoba ya watu mapajani, mtoto wa mtu begani, mimi ubavuni, na jirani yetu mmoja ambaye ni mtani wa mama, ukoo kwa ukoo.

Jirani huyu naye alikuwa hapokei, maana ni mke wa pili wa mtu. Tofauti yake na mama ni kwamba yeye hawezi kukaa kimya.

"Mtani," alinong'ona siku moja, "huu mkoba wa mwenyekiti wa kina mama mzito. Kabeba nini humu, sadaka alizosahau kutoa?"

"Nyamaza, watu wanasali."

"Na mimi nasali. Naomba foleni iwe ndefu, nifungue nione."

Mama aliuma ncha ya kanga yake asicheke.

Mama hakuwa akipokea kwa sababu aliolewa na baba, na baba ni Mwislamu. Walifungishwa ndoa na shehe, nyumbani kwa bibi mzaa baba, kijiji cha chini. Mama alibaki Mkristo na hakuna aliyemtaka abadili. Lakini kwa hesabu za kanisa lake, ndoa yake haikuwa imekamilika, na mwanamke wa namna hiyo anasali, anaimba, anafagia kanisa, anatoa zaka, ila hapokei. Sheria hiyo niliijua kabla sijajua kusoma saa. Baadaye nilikwenda chuo kikuu, nikasoma sosholojia, nikaipatia majina marefu. Sikuielewa zaidi ya hapo.

Mimi nilibatizwa na baba hakupinga. Nilipofika darasa la nne nikapata Komunio ya kwanza, na tangu siku hiyo nikawa mmoja wa wale wanaokwenda mbele. Nilikuwa nikirudi namkuta mama amekaa na kimkoba changu cha plastiki juu ya ile mingine. Alinisogezea nafasi nipige magoti, akaniwekea mkono mgongoni. Chuoni niliacha. Ziko sababu nyingi, na nikianza kuzitaja tutafika jioni, lakini mojawapo ni huo mkono. Sikuona kwa nini mimi, niliyekuwa nawaza ubwabwa wa mchana, nipewe, na yeye aliyekuwa amefunga tangu usiku anyimwe.

Alikuwa anafunga kweli. Kila Jumapili ya padri hakutia kitu kinywani mpaka misa iishe, kama mtu anayejiandaa kupokea. Nilipomuuliza alisema amezoea.

Pia ndiye aliyefua vitambaa vya altare. Viliteremshwa kwetu Jumatatu katika kikapu chenye kifuniko, naye akavifua peke yake, akavitia wanga wa muhogo, akavipiga pasi ya mkaa mpaka vikasimama kama karatasi. Maji ya suuzo la kwanza hayakumwagwa hovyo. Aliyabeba hadi chini ya mkarafuu ulio nyuma ya nyumba, akayamimina taratibu kwenye shina. Na maji yenyewe hayakuwa ya bombani. Yalikuwa ya chemchemi iliyoko juu, kwenye mipaka ya msitu, na aliyekwenda kuyateka ni baba. Hakuna aliyemwambia. Alisema tu kwamba kitu cha ibada hakifuliwi kwa maji yaliyopita kwenye miguu ya ng'ombe.

Nyumba yetu ina vyumba viwili, na alfajiri kulikuwa na minong'ono miwili. Baba chumba cha mbele juu ya msala wake, mama kitandani akiwa na rozari. Baba alimaliza kwanza, akapiga kikohozi kidogo cha kumwambia mama kwamba amemaliza, kisha akaenda kuwasha moto wa chai. Jumapili alimsindikiza mama kanisani, kikapu cha vitambaa mkononi mwake, akamkabidhi mlangoni. Yeye akavuka njia kwenda kwa muuza kahawa, akakaa na wenzake mpaka misa ikatoka. Wakapanda pamoja, wakashuka pamoja. Sijawahi kuona ndoa iliyokamilika kuliko hiyo, na ndiyo maana hesabu za kanisa zilinikera.

Mwaka juzi mkataba wangu wa kazi uliisha. Nilikuwa Dumila, nahoji wauza vitunguu kuhusu maisha yao kwa niaba ya watu wasiojua vitunguu vinanukaje. Chumba changu cha Kilakala, kule mjini, nilikifunga, nikapanda nyumbani kusaidia karafuu. Ilikuwa msimu wa kuchuma.

Kazi ya jioni ni kuchambua. Mnakaa juu ya jamvi, mnashika kikonyo, mnakisugua kwenye kiganja, karafuu zinadondoka upande huu na vikonyo vinatupwa upande ule. Mikono ina kazi, mdomo hauna. Nikamuuliza mama jambo nililolibeba miaka mingi.

"Mama, ukikaa pale nyuma wenzio wakienda mbele, huwa unawaza nini?"

"Nawaza mikoba ya watu."

"Mama, kweli."

"Kweli. Mingine ina simu ndani. Ikilia naizima vipi?"

Akachambua vikonyo kadhaa.

"Naomba," akasema.

"Unaomba uruhusiwe?"

"Hapana. Naomba nisichoke."

Nikamwambia, kwa ile sauti ya darasani ambayo naijua na siipendi, kwamba hayo ni maombi ya mtu aliyekata tamaa. Kwamba miaka yote hiyo hajajibiwa.

"Nani kasema sijajibiwa? Umeniona nimechoka?"

Nikarudi kwa njia nyingine. Nikamwambia ziko ndoa za mseto, Mkatoliki na asiye Mkatoliki, kwa ruhusa ya askofu, nimesoma. Akasema anazijua tangu kabla sijazaliwa. Nikauliza basi kwa nini hajawahi kumwambia baba. Hapo ndipo aliponieleza.

Siku ya harusi yao, bibi mzaa baba alimvuta jikoni, kwenye moshi wa pilau, akamshika mikono yote miwili. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na ardhi ni ya ukoo wa mama. Mwanamume aliyeoa huku juu analima shamba la watu wa mkewe, na watoto wake ni wa watu wa mkewe. Bibi aliyajua hayo, naye alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume. Akamwambia mama: mmenichukulia mwanangu, basi niachieni dini yake. Mama, binti mdogo aliyejipaka hina mpaka viwiko, akamwahidi kwamba hatamgusia mumewe neno la kanisa hata siku moja.

"Bibi amekufa, mama," nikasema. "Nilikuwa kidato cha pili."

"Kufa kafa yeye. Ahadi niliitoa mimi, na mimi nipo."

Alisema hivyo bila majonzi, huku anapepeta.

Sasa mimi ni mtu ambaye swali likishaniingia halitoki kwa kulala. Nilikaa nalo siku chache. Niliona hivi: ahadi ile ilikuwa ya mama, mimi sikumwahidi mtu. Padri alipopanda nikamfuata baada ya misa. Ni kijana, hanizidi kwa mengi. Nikamuuliza kama baba angetakiwa kubatizwa. Akasema hapana. Kuslimu Ukristo, nikauliza kwa utani mbaya. Akacheka, akasema anabaki na dini yake kama alivyo. Kinachotakiwa ni ridhaa yake, mazungumzo, ruhusa kutoka juu, na kusimama pamoja mbele ya altare. Nikamuuliza kwa nini basi hakuna aliyekwenda kumwambia. Akasema yeye amefika parokiani juzi tu, na kwamba mama hajawahi kumletea jambo hilo.

Wiki hiyo hiyo nikamkuta baba juu ya mkarafuu. Alikuwa kwenye ngazi, kichwa kimezama katika majani, mimi chini nimeshika kapu. Nilipachagua mahali hapo kwa kuwa asingeweza kuondoka haraka.

"Baba, nikuulize kitu?"

"Uliza. Wewe uliumbwa kuuliza."

"Kwa nini hamkufunga ndoa kanisani na mama?"

Vikonyo viliendelea kudondoka kapuni. Kisha vikaacha.

"Mimi sibatizwi," akasema kutoka kule juu.

"Sijasema ubatizwe."

"Huu mti wa nani?"

"Wetu."

"Wa ukoo wa mama yako. Ile migomba kule je? Ile mifenesi? Wewe mwenyewe ni wa nani?"

"Wa ukoo wa mama."

"Haya. Nimepanda, nimepalilia, nimezaa, vyote vya watu wengine, na sijalalamika, ndivyo nchi ilivyo. Lakini mlima huu mzima kitu kilicho changu ni dini yangu. Nayo niwape?"

Nikamwambia hakuna anayeitaka. Nikamweleza aliyonieleza padri, moja baada ya jingine. Alisikiliza bila kusogea, nikawa naona nyayo zake tu juu ya ngazi. Akasema katekista wa zamani, marehemu sasa, alimwambia kabla ya harusi kwamba akitaka kuoa kanisani aje na jina jipya. Alikwenda nyumbani na jibu hilo na hakuuliza tena. Nani aulize mara mbili jambo kama hilo?

Akashuka. Alipofika chini akanitazama.

"Mama yako anayajua haya uliyosema?"

Ningeweza kusema sijui. "Anajua."

"Tangu lini?"

"Kabla sijazaliwa."

Alivaa ndala zake, akaliacha kapu limejaa nusu, akaenda zake upande wa mtoni. Jua lilikuwa bado la asubuhi na mti ulikuwa bado umejaa.

Chakula cha mchana alikula kimya, na cha jioni vilevile. Mama alinitazama, akamtazama yeye, akaelewa. Alinifuata uani nikiosha vyombo.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna, mama."

"Nimekaa na jambo langu vizuri miaka yote. Wewe umekuja juzi na begi lako umelimwaga."

Nilitaka kusema kwamba sikukosea kwa kuuliza, na bado nadhani sikukosea. Lakini nilimwona usoni kwamba hakuwa na hasira ya kuulizwa. Alikuwa na hofu. Alikuwa amembeba baba kwa uangalifu muda wote huo, kama mtu anayebeba mtungi uliojaa, na mimi nilikuwa nimemsukuma kiwiko.

Kikapu cha vitambaa kilipokuja Jumatatu, baba hakwenda chemchemini. Ndoo ilikaa mlangoni. Mama aliipita mara mbili tatu, kisha akaichukua mwenyewe, akapanda. Alfajiri minong'ono ilikuwa miwili kama kawaida, ila baba alipomaliza hakukohoa. Alikaa tu juu ya msala. Mama, upande wa pili wa ukuta, naye akawa anazirudia punje zile zile za rozari, hajui amalize lini.

Mwishowe baba aliongea, ila na mimi, tukiwa tunageuza karafuu juani.

"Mimi ni mtu wa kuogopwa?"

"Hapana, baba."

"Niliwahi kumfokea mama yako?"

"Sijasikia."

"Sasa kwa nini mtu akae na jambo kama hilo, anaamka nalo, analala nalo, na mimi nipo pale pale? Nilidhani ameridhika. Nilikuwa nikisema moyoni, mke wangu mtu wa dini, anaswali na kurudi, hana shida." Akageuza jamvi upande. "Kumbe mimi ndiye shida, na nilikuwa nambebea kikapu."

Nikamweleza habari ya bibi na jikoni na ile ahadi. Nilikuwa nimeshamwaga, nikaona afadhali nimwage yote.

Jumapili ya padri ikafika. Baba alichukua kikapu kama siku zote na wakapanda, yeye mbele, mama nyuma, mimi wa mwisho. Tulipofika, mama alinyoosha mkono apokee kikapu mlangoni. Baba hakumpa. Alitazama ng'ambo, kwa muuza kahawa, ambako wenzake walikuwa wameshamsogezea nafasi. Kisha akavua viatu, akavipanga vizuri kando ya mlango, akaingia kanisani na kofia yake kichwani.

Wanaume wetu huingia na viatu na kuvua kofia. Yeye alifanya kinyume, kama alivyofundishwa kuingia nyumba ya ibada, na hakuna mtu aliyekuwa na ujasiri wa kumrekebisha. Mtani wa mama alijaribu.

"Shemeji, viatu huku hatuvui. Vitaibwa, sisi Wakristo tuna wezi."

"Viache," baba akasema, akakaa benchi la nyuma, miguu mitupu juu ya saruji.

Alikaa wima muda wote. Watu waliposimama alisimama, walipopiga magoti alikaa na kuinamisha macho. Mama pembeni yake alikuwa hajui aimbe au asiimbe; sauti yake ambayo huwa inapanda kuliko zote siku hiyo ilitoka nusu.

Kisha wakati ukafika. Mstari wa mbele uliinuka. Wanawake wakaanza kupita kwetu na mikoba yao, wakamwona baba, wakasita, halafu mazoea yakawashinda. Mkoba wa kwanza, mwavuli, mkoba mwingine, mtoto. Mama alipokea. Baba alitazama. Watu wakatembea kwenda mbele, benchi baada ya benchi, mpaka mabenchi yote yaliyokuwa mbele yetu yakawa matupu na sisi tumebaki kama watu walioachwa na gari.

"Na wewe?" baba akanong'ona.

"Mimi nakaa."

"Kila mara?"

"Kila mara."

Alikuwa analijua neno. Alilijua tangu alipooa: mke wangu hapokei. Lakini muda wote huo alikuwa ng'ambo ya njia na kikombe cha kahawa, na neno halikuwa na umbo. Sasa alikuwa analiona. Aliitazama mikoba, akamtazama yule mtoto wa mtu begani mwa mama, akatazama kule mbele ambako watu walikuwa wananyoosha mikono.

Mtani wa mama, ambaye alikuwa amejaa mizigo mpaka kidevuni, akamwekea baba mkoba mwekundu mapajani.

"Shika huu, shemeji. Mikono yako mitupu."

Baba akaushika kwa mikono yote miwili. Hakuuachia mpaka mwenyewe aliporudi.

Misa ilipotoka alivaa viatu vyake, akazunguka hadi mlango mdogo wa nyuma ambako padri hubadilisha mavazi. Mama alikuwa humo anakunja vitambaa. Mimi nilisimama mahali ninapoweza kusikia, ndivyo nilivyo.

"Shikamoo, mzee," padri akasema.

"Marahaba. Nimeambiwa mambo na huyu binti yangu, lakini yeye husema mengi. Nataka nisikie kwako. Nikisimama hapa na mke wangu, natoka nikiwa nani?"

"Unatoka ukiwa wewe, mzee. Hakuna atakayekubadilisha."

"Jina langu?"

"Lako."

"Kofia?"

"Hata kofia."

Baba akatikisa kichwa kukubali. Mama hakuinua uso. Alikuwa anakunja kitambaa kimoja, anakikunjua, anakikunja tena.

Tukiwa njiani kurudi, kwenye mteremko wa mawe ambapo lazima mmoja amshike mwenzake, baba akamshika mama mkono na kusema, "Ungeniambia."

"Nilimwahidi mama yako."

"Mama yangu alikuwa muoga wa kila kitu. Alikuwa anaogopa mpaka bata."

"Usimseme marehemu."

"Bata mmoja wa jirani. Akimwona anazunguka nyumba nzima."

Mama alicheka mpaka ikabidi wasimame. Kesho yake alfajiri nilisikia kile kikohozi, na ndoo ikigonga mawe kuelekea chemchemini.

Jambo lenyewe halikwenda haraka. Kulikuwa na mazungumzo, kulikuwa na majibu ya kusubiri kutoka mjini, kisha mvua zikaharibu barabara na padri akashindwa kupanda. Mimi ndiye niliyehangaika. Kila aliyeshuka mjini nilimtuma, kila aliyepanda nilimuuliza. Mama alinitazama kama mtu anayetazama kuku akivuka njia.

"Mama, wewe huna haraka?"

"Kusubiri ndiyo kazi ninayoijua. Nenda kageuze karafuu."

Wakati huo ndipo alipoanza mazoezi. Mara ya mwisho kupokea alikuwa msichana, akipiga magoti, mdomo wazi. Sasa watu hupokea mkononi, wamesimama. Alikuwa ameona wengine wakifanya hivyo mara nyingi mno, lakini kuona si kufanya; aliogopa mikono yake ingetetemeka akaangusha. Asubuhi moja nikawakuta jikoni. Mama amesimama, kiganja cha kushoto juu ya cha kulia. Baba mbele yake ameshika kipande chembamba cha muhogo wa kuchemsha.

"Maneno yake siyasemi," baba alikuwa anasema. "Hayo ni ya padri wenu."

"Nani kakuambia useme? Weka tu."

Akaweka. Mama akakitazama kile kipande kiganjani, akakichukua kwa vidole vya mkono wa kulia, akakitia mdomoni, akatafuna.

"Mnatafuna?" baba akauliza.

"Huu ni muhogo."

Walifunga ndoa siku ya katikati ya wiki, asubuhi, watu wachache. Baba alivaa kanzu na kofia yake. Mtani wa mama alisimamia, akalia kuliko wote, kisha akadai hakulia, ni moshi. Siku ile haikuwa na misa, kwa hiyo Komunio ikangoja Jumapili ya padri iliyofuata, na kabla yake mama akaenda kuungama. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka, mtani alikuwa anamsubiri mlangoni.

"Mtani, umekuwa na dhambi nyingi hivyo na mimi hujawahi kuniambia?"

Siwezi kusema nilianza kuamini. Bado nina maswali yangu, na lile kubwa kuliko yote limebaki: kwa nini mtu mwaminifu namna ile ilibidi akae nyuma. Sijapata jibu linaloniridhisha, na mama hajawahi kujaribu kunipa. Nilipomwambia kwamba kama si udadisi wangu angekaa pale mpaka kufa, alisema ndiyo, ni kweli, alimwomba Mungu asichoke, akapewa mtoto mwenye mdomo.

Jumapili hiyo tulikaa benchi la nyuma sote. Mama angeweza kwenda kukaa mbele, alikaribishwa, hakutaka. Baba alikaa upande wa njia, kofia kichwani, safari hii na viatu. Mwanga ulikuwa unapita kwenye yale matundu ya misumari.

Watu wakaanza kuinuka. Wanawake wakaja na mikoba yao kwa mazoea, wakamnyooshea mama, wakakumbuka, wakaishia na mikono hewani. Mama alisimama. Mkoba wake mweusi, ule wa sikukuu, ulikuwa bado kwenye kiwiko. Hakuwahi kuwa na haja ya kumpa mtu. Akauvua, akauangalia, akamwekea baba mapajani.

Baba akaupokea. Mimi na yeye tukavuta magoti pembeni apite.

Alitembea taratibu nyuma ya mtu wa mwisho, kiganja cha kushoto kimeshatangulia juu ya cha kulia tangu katikati ya kanisa. Baba hakumwondolea macho. Mtani wa mama, kutoka mwisho wa benchi, akaanza kumpitishia mizigo aliyoachiwa, mkoba mmoja, miwili, mwavuli, mpaka mapaja yake yakajaa.

"Karibu kazini, shemeji," akasema.

"Nyamaza," baba akanong'ona. "Watu wanasali."